Bendi Isiyo na Mwajiri

  Leo, msikilizaji wangu, naomba mnivumilie, maana sileti rumba, sileti dansi, wala sileti Bongo Fleva ya vijana wetu waliopanda treni hapa Kigoma wakaenda kutamba Dar es Salaam. Naleta rock. Tena rock ngumu, ya gitaa linalokwaruza na drams zinazopigwa kwa hasira. Na kabla hujanyoosha mkono kubadili stesheni, jua kwamba bendi yenyewe ni ya majirani zetu tunaochangia nao ziwa letu hili hili la Tanganyika. Inaitwa WITCH, ya Zambia. Ilianza mapema miaka ya 1970, na mwaka 2025 imetoa albamu mpya.

Nimeichagua kwa sababu moja. Hapa Tanzania tunapotaja bendi kongwe tunahesabu miaka ya jina. Tunasema Msondo ina zaidi ya miaka 60, tunapiga makofi, basi. Hatuulizi ni nani aliyelibeba jina hilo miaka yote. WITCH inatulazimisha kuuliza, kwa sababu haikubebwa na mtu. Haikuwa na chama cha wafanyakazi nyuma yake, wala jeshi, wala shirika la umma. Ilikufa, ikakaa kimya karibu miaka 30, ikarudi. Nitawaeleza kilichoirudisha, na mtaniambia wenyewe kama sisi tunacho.

Sisi wa Kigoma masikio yetu yameelekea magharibi tangu zamani. Kalemie iko ng'ambo, Uvira na Bukavu haziko mbali, Bujumbura tunakwenda na kurudi. Kwa miaka mingi mtu wa Ujiji aliyefungua redio usiku alikutana na gitaa la Kongo kabla ya kukutana na kitu kingine chochote. Tukigeuka mashariki kuna reli, iliyofika hapa mwaka 1914, na juu ya reli hiyo kuna Tabora ya Kiko Kids, ya Tabora Jazz na ya Nyanyembe Jazz. Kusini hatukutega sikio. Kusini tulipeleka abiria na mizigo tu. MV Liemba, meli iliyounganishwa hapa bandarini kwetu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikiitwa Graf von Götzen, imekwenda Mpulungu na kurudi kwa miongo mingi, ikipitia Karema, Kipili na Kasanga, wala sijasikia abiria akirudi na habari za muziki wa huko. Ukishuka Mpulungu unakuta dagaa wetu wale wale, wenzetu wanawaita kapenta. Unapanda basi hadi Kasama, unaendelea, mpaka unaingia Copperbelt, nchi ya migodi ya shaba: Ndola, Kitwe, Mufulira, Chingola. Huko ndiko rock ya Zambia ilikotoka, ile ambayo dunia sasa inaiita Zamrock.

Kwa nini huko? Shaba. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, na miaka ya mwanzo bei ya shaba ilikuwa nzuri. Mgodini kulikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi, na penye mshahara pana redio, pana duka la santuri, pana kijana mwenye shilingi mbili tatu za kuchezea. Wazungu wa migodini walikuja na sahani zao za Uingereza na Marekani. Vijana wa Kiafrika wakazisikia: Jimi Hendrix, Rolling Stones, Deep Purple, Grand Funk Railroad, na pembeni James Brown. Huko ndiko alikokulia kijana mmoja wa Kitwe, Emmanuel Chanda. Alikuwa akiruka jukwaani kama Mick Jagger wa Rolling Stones mpaka watu wakambandika jina lile. Akalikubali, akalilainisha kwa ulimi wa kwao, likawa Jagari. Mpaka leo ndilo jina lake.

Jagari aliimba. Chris Mbewe, aliyeitwa Kims, alishika gitaa la solo. John Muma alishika ridhimu. Gedeon Mulenga, maarufu Giddy King, alipiga besi, na Boidi Sinkala drams. Baadaye kidogo akaingia Paul Mumba kwenye kinanda. Jina la bendi ni herufi za mwanzo za sentensi ya Kiingereza yenye maana kwamba wamekusudia kuzua vurumai. Mzazi gani wa miaka ile, awe wa Kitwe au wa Ujiji, angelala usingizi mwanawe akimwaga kwamba anakwenda kuimba kwenye bendi ya jina hilo?

Albamu yao ya kwanza, Introduction, inatajwa kuwa albamu ya kwanza ya kibiashara kutolewa na bendi ya Zambia. Hakukuwa na kampuni kubwa iliyowashika mkono. Walichapisha nakala chache, wakaziuza wenyewe kwenye maonyesho yao. Baada ya hapo hawakupumua: In the Past, kisha Lazy Bones!!, kisha Lukombo Vibes, kisha Including Janet mwaka 1977. Albamu tano kabla muongo haujaisha. Jamani, albamu tano! Kwa wakati huo huo bendi zetu za hapa, zenye wanamuziki wakubwa kupita kiasi, zilikuwa zinatoa santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande, au hazitoi kabisa, zinasikika redioni tu.

Nieleze basi mlio wao, kwa yule ambaye hajawahi kuusikia. Chukua wimbo wa dansi uujuao. Una sehemu ya kuimba, taratibu, maneno yanaeleweka, halafu linakuja chemko, magitaa yanafunguka na watu wanaingia kati kucheza. Wimbo wa WITCH hauna adabu hiyo. Unaweza kuanza umetulia kama ziwa letu alfajiri, kinanda kinanong'ona, Jagari anaimba kwa upole, halafu ghafla kusi linavuma: gitaa la solo linapitishwa kwenye kile kidude cha kukanyaga kwa mguu, sauti inapasuka, drams zinabadili mwendo, na usipoangalia unadhani wameruka kwenye wimbo mwingine. Halafu wanarudi walikotoka. Wapenzi wa rock huita hiyo rock ya kusonga mbele, yaani inayokataa kukaa mahali pamoja. Lakini sikiliza besi na drams vizuri. Chini ya kelele zote za Kizungu kuna ngoma. Mkono wa Boidi Sinkala haukujifunzia London.

Maonyesho yao yalikuwa marefu, ya saa nyingi mfululizo, na kumbi zilijaa mpaka polisi wakaitwa kuzuia watu. Walizunguka Zambia yote wakavuka na mipaka. Osibisa, bendi kubwa ya Waghana na Wakaribi iliyokuwa na makazi London, ilipofika Zambia, WITCH ndio waliowafungulia jukwaa.

Sasa nifike kwenye siasa, maana muziki huu hauelezeki bila hiyo. Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alipenda kushika gitaa na kuimba mbele ya wananchi, aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia. Angalia agizo lilivyowekwa. Lilisema muziki uwe wa Zambia. Halikusema uwe wa marimba, halikusema uwe wa mababu. Vijana wa Copperbelt walikuwa Wazambia, magitaa yao yalikuwa Zambia, basi rock yao ikahesabika kuwa ni ya Zambia, ikapewa mlango wa redio uliokuwa wazi kwa mapana yake.

Sisi tulishika njia nyingine. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana: sketi fupi marufuku, mawigi marufuku, suruali za kubana marufuku. Novemba mwaka huo huo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Kijana aliyetaka kucheza kama James Brown akaambiwa anaharibu utamaduni. Wapo wanaolisema jambo hili siku hizi kwa dharau, kana kwamba viongozi wale hawakuwa na akili. Mimi sisemi hivyo. Nchi changa ilikuwa inatafuta sura yake, na kwa upande mwingine serikali hiyo hiyo na mashirika yake walifanya jambo ambalo WITCH hawakufanyiwa: walimwajiri mwanamuziki. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kikaunda NUTA Jazz mwaka 1964. Polisi wakawa na bendi, jeshi likawa na bendi, Umoja wa Vijana wakawa na Vijana Jazz. Mpiga gitaa akawa na mshahara, na vyombo vikanunuliwa na ofisi. Studio ya Radio Tanzania pale barabara ya Pugu ikawarekodi wote, kwa zamu, kanda baada ya kanda. Mzambia wa WITCH angeuona mshahara ule angetamani.

Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Kila njia ilikuwa na bei yake, na bei hiyo imekuja kuonekana baadaye.

Bei ya WITCH ilianza kulipwa mapema. Kati ya mwaka 1974 na 1975 bei ya shaba ikaporomoka, na mafuta yalikuwa yamekwisha kupanda. Vita vya ukombozi vilikuwa vinapiganwa mipakani. Zambia iliwahifadhi wapigania uhuru, na majeshi ya Rhodesia yalivuka mpaka kushambulia. Kukawa na amri za kutotoka nje usiku na miji kuzimwa taa. Bendi ya muziki unaifanya nini nchi ikiwa imezimwa taa? Wakahamishia maonyesho mchana. Watu waliingia ukumbini jua likiwa juu, wakacheza rock mpaka magharibi, wakawahi nyumbani. Hebu fikiri: rock ngumu saa nane mchana!

Mwaka 1977 Jagari akaondoka. Hapakuwa na ugomvi mkubwa wa kusimulia. Alikuwa mtu mzima mwenye familia, na muziki haukuwa unalipa, akaenda chuoni Lusaka kusomea ualimu wa muziki. Wenzake wakaendelea bila yeye. Wakaingia vijana wapya, akiwemo mpiga kinanda Patrick Mwondela, na upepo wa dunia ulikuwa umegeuka: disko ilikuwa imeingia, rock imekuwa ya kizamani. WITCH ikapiga disko. Albamu yao ya mwisho ya kipindi hicho, Kuomboka, ilitoka mwaka 1984. Wapo wapenzi wa rock wanaoziona sahani hizo kama aibu ya ukoo. Mimi naona wananyimwa haki. Bendi iliyokuwa ikitafuta mkate ilipiga walichotaka wenye kiingilio, na ilikipiga vizuri.

Halafu kikaja kile kilichokuja kwetu sote. Ukimwi ulipita juu ya wanamuziki wa Zambia kama ulivyopita juu ya wa kwetu, na kizazi cha Zamrock kilikuwa katika umri ule ule uliopigwa zaidi. Wanamuziki wale hawakuwa na bima, hawakuwa na pensheni, wala hati ya kuonyesha nani anadai nini kwenye wimbo upi. Paul Ngozi, mpiga gitaa aliyeiteka mioyo ya watu wa kawaida kwa kuimba lugha za kwao, alifariki mwaka 1989. Wenzake Jagari wa kikosi kile cha kwanza nao wakaondoka mmoja mmoja, hadi akabaki peke yake. Na yeye alikuwa ameshaacha jukwaa, amekwenda kuchimba vito. Ndiyo, msikilizaji: mwimbaji aliyejaza viwanja alikuwa na sururu mkononi akitafuta mawe.

Hapo ndipo hadithi ya bendi nyingi za Kiafrika huishia. Tukumbuke ya kwetu. Dar es Salaam ilikuwa na Sunburst, bendi ya rock na soul iliyoundwa mwaka 1970, yenye Mtanzania James Mpungo kwenye sauti na Mkongo Hembi Flory Kongo kwenye gitaa. Muziki wao waliuita Kitoto. Mwaka 1973 walishinda mashindano ya kitaifa ya bendi. Hawakuwa na ofisi ya kuwalea, na mlio wao haukuwa ule uliokuwa ukipewa nafasi, wakafanya anachofanya kijana yeyote anayeona mlango umefungwa: wakahama. Walikwenda wapi? Zambia. Huko wakarekodi albamu yao, Ave Africa, mwaka 1976. Baada ya hapo bendi ikavunjika. Rock yetu sisi wenyewe ilibidi iende kwa majirani ndipo ipate albamu. Na Wazambia nao walikuwa wakipanda kuja huku kwetu Afrika Mashariki: Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga iliweka makazi Nairobi miaka hiyo, kwa sababu Nairobi ndiko kulikuwa na studio na viwanda vya kuchapa santuri.

Nimetaja kuchapa santuri. Hapo ndipo ninapotaka tusimame.

Bendi ya mwajiri huishi kwa sababu vyombo ni vya mwajiri. Mwimbaji akiondoka, gitaa linabaki stoo, jina linabaki ofisini, anaajiriwa mwingine. NUTA Jazz ikawa JUWATA chama kilipobadilika jina, ikawa OTTU chama kilipobadilika tena, leo ni Msondo Ngoma. Mwaka 1978 Muhiddin Maalim Gurumo na wenzake wakahama kwenda kuanzisha Mlimani Park, ambayo baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na mashabiki wakaiita Sikinde. Watu walihama, wakarudi, wakahama tena, na Gurumo mwenyewe alirudi Msondo akamalizia huko maisha yake ya jukwaani, hadi alipofariki mwaka 2014. Bendi zote mbili bado zina majina yao. Utaratibu huo umetupa uhai mrefu, na sitaki kuubeza. Ni bendi chache duniani zenye umri wa Msondo. Lakini kazi zao kubwa kabisa zilirekodiwa kwenye kanda za redio ya taifa, zikapigwa hewani, zikarudishwa kabatini. Mpenzi wa Sikinde wa Kigoma mwaka 1983 alikuwa anasubiri redio imkumbuke. Ndani ya nyumba hakuwa na kitu cha kushika mkononi, labda kaseti aliyojirekodia mwenyewe kwa kuweka kipaza sauti karibu na spika, na jogoo akisikika kwa nyuma.

WITCH waliacha sahani. Basi. Hawakuacha vyombo, hawakuacha ukumbi, hawakuacha mwajiri. Waliacha sahani za plastiki zenye majina yao nyuma ya jalada na mwaka wa kutengenezwa. Sahani hizo zikasambaa, nyingi zikavunjika, nyingine zikauzwa sokoni kwa bei ya karanga, chache zikavuka bahari na kuangukia mikononi mwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, ambao walishangaa: hii ni Afrika? Wakaanza kuzinunua kwa fedha ambazo Giddy King hakuwahi kuziona zikilipwa kwa onyesho zima.

Kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ikafuatilia, ikampata Jagari, na mwaka 2012 ikatoa mkusanyiko wa kazi za bendi. Angalia jinsi jalada lilivyofanya kazi ya mwanasheria. Kwa kuwa majina yalikuwa yameandikwa, mtu aliyeko Marekani aliweza kujua amtafute nani. Jagari, mchimba vito, akaalikwa kuimba Marekani. Mtaliano mmoja, Gio Arlotta, akasafiri hadi Zambia kumtafuta, na filamu aliyoitengeneza juu yake ilitoka mwaka 2019. Wanamuziki vijana wa Uholanzi, akiwemo Jacco Gardner, wakajiunga naye kushika vyombo, na Patrick Mwondela, yule wa enzi ya disko, akarudi kwenye kinanda chake. Mwaka 2023 wakatoa albamu mpya, Zango, iliyorekodiwa Lusaka katika studio ya dB, ambamo bendi ilikuwa imewahi kurekodi zamani. Kutoka Kuomboka hadi Zango ni miaka 39. Ndani yake yumo Sampa the Great, binti wa Kizambia anayetamba duniani kwa kufoka. Miaka miwili baadaye ikafuata nyingine, Sogolo. Jagari amepita miaka 70 na bado anazunguka Ulaya akiruka jukwaani.

Najua swali linalokuja, maana ukizungumza bendi na watu wazima wa Ujiji huwezi kulikwepa. Hiyo ni WITCH kweli? Mwimbaji mmoja mzee wa Kizambia, nyuma yake Wazungu vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati Lazy Bones!! inatoka! Swali la haki. Waingereza wenyewe wanalo: Queen, bendi ya yule mtoto wa Zanzibar, Farrokh Bulsara, aliyejulikana duniani kama Freddie Mercury, iliendelea kupanda jukwaani baada ya kifo chake mwaka 1991 ikiwa na mwimbaji mwingine, na mabishano hayajaisha. Na sisi je? Msondo ya leo ina wangapi walioshika gitaa NUTA mwaka 1964?

Mimi hukumu yangu ni hii. Zango si sahani ya mzee anayeuza kumbukumbu. Kuna nyimbo za Kiingereza na kuna za lugha za Zambia, kuna waimbaji wa kike ambao WITCH ya zamani haikuwa nao, na gitaa bado linakwaruza. Wale Wazungu wanaheshimu mwendo wa zamani kupita kiasi mahali fulani, utadhani wanapiga mbele ya mwalimu mkuu; Kims angeuvuruga kidogo. Lakini sauti ya Jagari imepata mikwaruzo ya umri, na inaufaa muziki huo kuliko ilivyokuwa alipokuwa kijana anayemwiga mwingine. Naihesabu kuwa ni WITCH. Kinachonikera ni kitu kingine: kwamba heshima hiyo ilipita Los Angeles, Italia na Uholanzi kabla ya kurudi Lusaka, na kwamba iliwakuta watano kati ya sita wakiwa kaburini.

Sunburst nao walipata mkusanyiko wao. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya Uingereza ilitoa rekodi zao zote za 1973 hadi 1976. Ukitaka kuisikia rock ya Dar es Salaam leo, unaanzia huko, na unaweza kuisikia kwa sababu ile ile: kulikuwa na sahani ya kuanzia.

Kwa hiyo, msikilizaji, nakuomba jambo. Mkoa huu umepitiwa na wanamuziki wengi. Wapo waliopiga hapa mjini, wapo waliovuka kutoka Kongo na magitaa yao, wapo waliopanda treni wakamezwa na Dar es Salaam. Baadhi yao ni wazee, tunawapita vibarazani Ujiji wakinywa kahawa. Kama ndani ya sanduku la marehemu baba yako kuna santuri, kaseti, au picha ya watu watano wenye suruali za bugaluu na magitaa, usiipe watoto waichezee na usiiuze kwa mpita njia. Iweke pakavu, mbali na jua. Chukua kalamu uandike kwenye karatasi: nani anaimba, nani anapiga solo, nani besi, ilikuwa wapi, mwaka gani. Kama mhusika yuko hai, mwulize yeye, tena wiki hii, na uandike jina lake kamili kama alivyopewa na wazazi wake, maana majina ya jukwaani hayamsaidii mjane kudai haki. Kisha iletee studio hii. Tutairudufu mbele yako, nakala ya asili utaondoka nayo, na Ijumaa saa hii hii tutaipiga hewani kwa jina la mwenyewe.